Ndiyo ya Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini niliikuta ofisi yangu ina watu watatu ndani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinisubiri mimi. Walikuwa wanafunzi wa uzamivu, yaani shahada ya juu kabisa, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kushika sindano. Msimamizi wao alikuwa ameteuliwa kushika nafasi kubwa serikalini, akaondoka bila kuwaaga, nao waliendelea kuja kila asubuhi kukaa pale wakidhani huenda kuna kitu amesahau atarudi kukichukua. Mbeya ilikuwa na baridi ya kuuma masikio asubuhi ile, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye paa la karakana. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya wazi kwa sababu nilitaka kupendeza. Nilijuta kabla hata ya saa nne.

Mkuu wa Idara aliingia na chupa yake ya chai. Alikuwa mzee Msafwa aliyevaa koti la sufu mwaka mzima, na alikuwa na tabia ya kutangaza mambo mazito huku akimimina chai.

"Mwalimu, hawa ni wako," akasema.

"Wote?"

"Wote. Huyu wa pampu za maji, huyu wa kupoza maziwa, huyu wa umeme wa jua. Kazi yenyewe ni nyepesi kuisema. Wakitoka hapa wawe wanajua kitu ambacho wewe hukijui. Shida ni kwamba wewe ni mkubwa wao, na wao ni watoto wa watu wenye adabu. Utaona mwenyewe."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimetoka kwenye uhandisi, nikizoea mashine ambayo ukiikosea inakuambia papo hapo kwa moshi. Huku nilikuja kufundisha utafiti wa teknolojia na ubunifu kwa maendeleo. Kwa lugha ya nyumbani, ni kazi ya kuchunguza kwa nini kifaa kimoja kinapokelewa na watu hadi wanakigombania, na kingine kizuri vilevile kinaishia kulaliwa na kuku. Mhandisi anauliza kama mashine inafanya kazi. Sisi tulikuwa tunauliza inamfanyia kazi nani, na nani amesema hivyo.

Wiki hiyohiyo niliwatega. Niliwaambia wale watatu, kwa sauti ya mtu anayejua, "Tukitaka kujua kama wanawake wanaridhika na pampu, tutawahoji wenyeviti wa vijiji, maana wao ndio wawakilishi." Wote wakainama, wakaandika.

"Nani kati yenu anaona nimesema upuuzi?" nikauliza.

Yule wa maziwa ndiye aliyejikaza mwishoni. "Tulidhani una sababu zako, Mama."

Nilipandwa na hasira hadi nikacheka. Hapo ndipo zilipoanza Ijumaa za kubisha. Kila Ijumaa mchana mmoja wao alileta sura ya tasnifu yake, yaani kile kitabu kikubwa cha utafiti ambacho mwanafunzi wa uzamivu anaandika kwa miaka, nami niliishambulia bila huruma. Kazi yao ilikuwa kunibishia. Aliyeitikia kwa kichwa alikwenda kupika chai. Nilipiga meza, nilikunja uso, nilitupa karatasi. Niliamini kwamba mtu akishazoea ukali wangu hatamwogopa mtahini yeyote duniani. Wakanipa jina la Mama Bisha, na sikulikataa. Mmoja wao aliyakoleza mafunzo hadi akaenda kumbishia baba mkwe wake kule Rungwe mbele ya wageni, ikabidi nifunge safari mwenyewe kuomba radhi. Mimi ni Mnyakyusa, najua uzito wa kosa lile. Nilikaa kwenye mkeka wa yule mzee nikisema "ndaga, ndaga", shukrani ya unyenyekevu kwa lugha yetu, mpaka akalegea.

Wale watatu walifaulu wote. Mkuu wa Idara akastaafu na koti lake, nami nikahamishiwa Iringa, ambako chuo kilikuwa kinaanzisha tawi la masomo ya uzamivu.

Huko bosi wangu alikuwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamivu, mtu msafi ambaye meza yake haikuwa na kitu juu isipokuwa simu na mikono yake. Alichukia vurugu. Aliongea polepole, na kila alipotaka kukwambia jambo baya alianza kwa kukuuliza habari za familia. Nilijifunza kuogopa akiulizia watoto.

Tumaini alifika mwaka wa pili wa tawi lile. Alikuwa afisa ugani kutoka Kilolo, Mhehe, mama wa watoto wadogo, aliyepewa ruhusa ya masomo na mwajiri wake. Mara ya kwanza kuniona alipiga magoti kwenye korido, mafaili mkononi, akanisalimu.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene. Inuka, hapa watu wanapita na viatu vya karakana."

"Nitainuka ukinijibu, Mama."

"Si nimekujibu?"

"Hujaniuliza za nyumbani."

Nikamuuliza za nyumbani, akainuka. Moyoni nikasema, huyu atanisumbua. Na kweli, Ijumaa zake zilikuwa mateso. Nilipiga meza, naye akawa anaifuta chai iliyomwagika. Nilimwambia hoja yake ni ya kitoto, akasema "Sawa, Mama, nitaiangalia." Alipika chai mfululizo hadi wenzake wakaanza kumwonea huruma. Baadaye, polepole, alijifunza kunijibu. Kadiri nilivyopandisha sauti, ndivyo alivyopata mahali pa kushika, akanijibu kwa ukali uleule. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha.

Utafiti wake ulihusu mashine ya kupalilia mpunga katika bonde la Usangu. Ni mashine ya kusukuma kwa mikono kati ya mistari ya mpunga, ina magurudumu yenye meno ya chuma yanayong'oa magugu na kuyazika kwenye tope. Mradi mmoja ulikuwa umeigawa vijijini, na ripoti zote zilisema wakulima wameipokea kwa mikono miwili. Tumaini alitaka kueleza kwa nini ilifanikiwa. Lilikuwa pendekezo la utafiti lililonyooka, lisilo na adui.

Nilikwenda naye Usangu safari ya kwanza, kama ilivyokuwa desturi yangu. Tulifikia kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Kulwa, Msukuma ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini ukatafuta malisho hadi ukafika Usangu, ukaanza kulima mpunga. Alitusalimu "mwangaluka" huku amepiga magoti, akatuletea vigoda, akasonga ugali, akaweka kuku na maziwa ya mgando. Tulikula. Mashine ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na mlango, safi kabisa.

"Mnaitumia?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Tunaitumia sana."

"Inawasaidia?"

"Inatusaidia. Tunashukuru."

Niliandika majibu yale kwa raha zangu. Njiani kurudi, gari likitimua vumbi, Tumaini alikuwa anatazama nje.

"Mama, naomba niseme."

"Sema. Nani amekuziba mdomo?"

"Meno ya ile mashine bado yana rangi ya kijani ya kiwandani. Ingeingia kwenye tope hata mara moja, ile rangi ingebaki? Halafu shamba lake tulilopita halina mistari. Mpunga wameumwaga tu. Hiyo mashine ipite wapi?"

Nikamwambia dereva apunguze mwendo. "Sasa kwa nini atudanganye?"

"Hajatudanganya. Tumekula kwake. Huwezi kumlisha mgeni halafu ukamwambia zawadi yake haifai. Hata kwetu Kilolo ni hivyohivyo. Ile ni ndiyo ya mgeni."

Nilikuwa nimewahi kusoma ripoti nyingi za vifaa vilivyopokelewa kwa mikono miwili, na nyingine nilizisifu darasani. Nilijiuliza ni ndiyo ngapi za namna ile zilizojaa kwenye makabati yetu.

Tumaini alibadilisha pendekezo lake. Alirudi Usangu akaishi huko msimu mzima wa palizi, akazunguka kwenye kaya zilizokuwa na mashine. Alikuta nyingine hazijawahi kutoka ndani, ila gari la wageni likionekana barabarani zinatolewa, zinapanguswa, zinaegemezwa ukutani. Alieleza pia kwa nini hazitumiki: kupanda kwa mistari kunahitaji mikono mingi wakati uleule ambao ng'ombe wanahitaji watu. Yote hayo aliyaweka kwenye sura ya tano, na alionyesha kwamba njia yetu ya kuuliza, yaani kufika na gari, kula, kisha kutoa hojaji, inazaa majibu ya adabu. Ilikuwa sura bora kuliko zote nilizowahi kusimamia, na ilinitia hofu.

Kulikuwa na sababu ya hofu. Tumaini aliugua, kisha mtoto wake akaugua, muda ukaenda. Usajili wa mwanafunzi wa uzamivu una mwisho, na wake ulikuwa unakwisha mwezi uleule wa utetezi. Utetezi ni ile siku mwanafunzi anasimama mbele ya jopo la watahini kuitetea tasnifu yake. Jopo linaweza kumpitisha, kumpitisha kwa marekebisho madogo, au kumrudisha akaandike upya. Kwa Tumaini kurudishwa kulikuwa sawa na kufukuzwa, maana asingekuwa na muda wa kuandika upya. Miaka yote ile ingekwenda na maji, na angerudi Kilolo mikono mitupu, mbele ya wakubwa wake ambao walishaanza kuuliza alikuwa anasoma nini kisichokwisha.

Mkurugenzi aliniita.

"Watoto hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo."

"Mtahini wa nje tumempata. Ni yule Profesa wa zana za kilimo, mstaafu, mtu wa Njombe. Hakuna mwingine nchini anayeijua ile mashine kama yeye." Akanyoosha mikono juu ya meza. "Ripoti ya kwanza iliyoisifu aliiandika yeye."

"Basi atafurahi kusoma jambo jipya."

"Usinifanyie mzaha. Mwambie mwanafunzi wako aitoe sura ya tano. Zilizobaki zinatosha kumpitisha. Akishakuwa daktari ataandika anachotaka."

"Tukimfundisha kuficha sasa, atajifunza lini kutoficha?"

"Mama, mimi nataka apite. Wewe unataka nini?"

Swali lile liliniuma. Nilitaka apite. Niliitaka na sura ya tano. Nilitoka pale nikamtafuta Tumaini maktaba, nikamweleza yote bila kupunguza, nikamwambia tasnifu ni yake, aamue mwenyewe.

"Sawa, Mama," akasema.

Nilimtazama usoni nikashindwa kujua ile sawa ni ya aina gani. Usingizi uliniruka hadi alipokabidhi nakala zake. Nikazifungua palepale. Sura ya tano ilikuwamo, haijaguswa.

Tulifanya utetezi wa majaribio. Nilijifanya Profesa, nikawa mkali kuliko siku zote. Nilimwita mzushi. Nilimwambia amewatukana wakulima. Alinijibu hoja kwa hoja, macho yamemwiva, hadi wenzake wakampigia makofi. Nikamwambia jambo moja tu la mwisho: "Siku yenyewe usinitazame. Msimamizi haruhusiwi kusema." Ndiyo sheria. Msimamizi anaingia ukumbini, anakaa pembeni, na mdomo wake ni mali ya chuo hadi jopo litoe uamuzi. Hata kukohoa vibaya kunaweza kuandikwa kuwa umempa ishara.

Siku ikafika. Utetezi ni wa hadhara, na mama yake Tumaini alikuwa ametoka Kilolo na vitenge vyake vipya, ameketi nyuma karibu na mume wa Tumaini. Mwenyekiti wa Jopo alifungua, Tumaini akaeleza utafiti wake vizuri, sauti imetulia. Watahini wa ndani wakauliza ya kuuliza. Kisha ikawa zamu ya Mtahini wa Nje.

Nilikuwa nimejiandaa kwa simba. Aliyezungumza alikuwa mzee mpole mwenye mvi, sauti ya chini, miwani mkononi.

"Mwanangu," akasema, "nimekisoma kitabu chako chote. Umefanya kazi kubwa. Wazazi wako wako hapa? Nawapongeza."

Katika Ijumaa zote zile, sikuwahi hata mara moja kumshambulia kwa upole.

"Sasa nisaidie mzee wako," Profesa akaendelea. "Vijiji hivi nimevitembelea mimi mwenyewe. Walinikaribisha, wakaniambia wanaitumia mashine. Nyumba kwa nyumba. Huoni labda wewe ulifika msimu mbaya?"

"Inawezekana, Profesa," Tumaini akasema.

"Na kaya ulizokaa nazo, huoni ni chache kubeba neno zito namna hii?"

"Ndiyo, Profesa."

Niliziona hoja zote za Tumaini, nilizijua kwa kurasa, jibu la msimu lilikuwa kwenye sura ya tatu na la kaya lilikuwa palepale kwenye sura ya tano. Nilibana midomo hadi nikasikia ladha ya damu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama binti anayepewa wosia. Mwenyekiti wa Jopo alianza kuandika.

"Kwa hiyo, mwanangu, tukisema sura ya tano iondolewe, uifikirie upya kwa utulivu, utakuwa tayari?"

Kuifikiria upya maana yake ilikuwa kurudishwa. Profesa hakujua habari za usajili wake, ila mimi nilijua, na Mkurugenzi aliyekaa karibu yangu alijua, na Tumaini alijua kuliko sisi wote. Midomo yake ilifunguka. Nikaiona ile ndiyo inakuja. Nilishika kiti kwa mikono miwili ili nisisimame.

Haikutoka.

"Mtahiniwa," Mwenyekiti akasema, "tunasubiri jibu."

Tumaini akaondoka kwenye meza yake. Akapita mbele ya projekta, picha ya mashine ikampita usoni, akafika mbele ya Profesa. Akapiga magoti.

"Kamwene, Baba."

Mzee alishtuka, lakini salamu ile ni ya Njombe pia, na kinywa chake kilijua cha kusema kabla yake. "Kamwene, mwanangu."

"Za Njombe, Baba?"

"Njema. Za Kilolo?"

"Njema. Mahindi yamefunga vizuri."

"Mtahiniwa, unafanya nini?" Mwenyekiti akauliza. "Huu ni utetezi."

Profesa aliinua mkono. "Mwache amalize. Nimekuja toka asubuhi, hakuna aliyenisalimu hivi."

Tumaini akainuka, akajipangusa magoti, akabaki amesimama palepale.

"Nimekusalimu, Baba. Sasa naomba nikatae."

Nyuma nilisikia mama yake akivuta pumzi.

"Kataa," mzee akasema.

"Ulipokwenda Usangu, Baba, ulikula?"

"Nilikula. Walinichinjia kuku kila mahali."

"Mashine ilikuwa wapi?"

Profesa akafikiri. "Ukutani. Karibu na mlango."

"Meno yake yalikuwa na rangi gani?"

Mzee alivaa miwani, akaivua. Alitazama ile picha ukutani, lakini niliona kwamba alikuwa anaangalia mbali zaidi, kwenye ua wa mtu. "Kijani," akasema.

"Na mimi nilizikuta za kijani. Msimu wote wa palizi zilibaki za kijani, na msimu wenyewe ulikuwa mzuri, takwimu za mvua zipo kwenye sura ya tatu. Kaya ni chache, ni kweli, na nimeandika kwamba ni chache. Lakini Baba, sasa hivi umeniuliza mambo mawili nikakujibu ndiyo, na hata moja sikulikubali. Hukunitisha. Umeniita mwanangu, ukawapongeza wazazi wangu, nikashindwa. Mimi niliyesoma miaka yote hii nimeshindwa mbele ya mtu mwema. Yule mama wa Usangu, na wewe umekula kuku wake, angeanzia wapi?"

Tumaini na Profesa wakaendelea kuulizana, sasa kama watu wawili waliokutana kazini, muda mrefu, kwa takwimu na michoro, na mwanafunzi wangu alipokuwa hana jibu alisema hana. Kisha tulitolewa nje wote jopo likajadili. Mkurugenzi alisimama dirishani amenipa mgongo. Mama yake Tumaini aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu amemkosea yule mzee?" Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Tulipoitwa, Mwenyekiti alisoma uamuzi: amepita, kwa marekebisho madogo. Profesa akaomba neno. "Katika marekebisho," akasema, "ongeza na ripoti yangu kwenye orodha ya zile zilizoandikwa na mgeni." Mama yake alipiga vigelegele hadi walinzi wakaja kuchungulia. Mimi nililia waziwazi, wala sikutafuta kitambaa.

Sasa nimestaafu. Nimerudi Mbeya, nina viazi mviringo na kahawa kidogo, na asubuhi za baridi navaa viatu vya kufunika. Walimu vijana wanaoanza kusimamia wanafunzi hunipigia simu, wanataka niwape siri ya kazi. Nawaambia usimamizi ni kuishi kwa wasiwasi kwa ajili ya kitabu ambacho si chako. Nawaambia wasome mapema, wasiwaache wanafunzi wao yatima kama wale watatu niliowakuta, na wasiamini mashine inayong'aa. Wengine wananiuliza kama waendeleze Ijumaa za kubisha. Zamani ningesema ndiyo bila kufikiri. Siku hizi huwasimulia yaliyonipata siku ya kuagwa.

Waliniaga palepale Iringa, kwenye ukumbi uleule wa utetezi. Mkurugenzi alikuwa amenenepa, akanisifu kwa maneno ambayo hakuwahi kuniambia tukiwa kazini. Tumaini alikuwapo, naye sasa ni Daktari Tumaini, ana wanafunzi wake. Nilipopewa nafasi ya kuongea nilijisahau kidogo kwa furaha. Nilisimulia kisa cha Profesa na meno ya kijani, watu wakacheka, nikamwonyesha Tumaini kwa kidole, nikasema, "Huyu mnayemwona, mimi ndiye niliyemfundisha kubisha. Aliingia hapa hajui kusema hapana."

Makofi yakapigwa. Tumaini akatoka kwenye kiti chake, akaja mbele polepole. Nikadhani ana zawadi. Kisha akapiga magoti.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene," nikasema, na safari hii sikusahau kumuuliza za nyumbani. Akajibu, akainuka.

"Nimekusalimu, Mama. Sasa naomba nikatae. Ijumaa zako zilinifundisha kuwajibu watu wakali, na nakushukuru. Lakini siku ile hakukuwa na mtu mkali. Kilichoniokoa nilifundishwa na Mama Kulwa. Mwisho wa msimu alinitoa uani kwake, akanirudisha hadi njiani, akaniambia niingie upya kama mtu ambaye hajawahi kufika. Nikaingia, tukasalimiana. Hakuniletea hata maji. Akasema, 'Leo hujala kwangu, kwa hiyo nisikilize. Mashine yenu hatuitaki.' Akanieleza sababu zote, ndiyo sura ya tano hiyo. Alipomaliza ndipo akaenda kupika. Mama, ukiwasimulia watu, naomba umtaje."

Ukumbi mzima ulinigeukia. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma, mbele ya wageni wangu wote na keki haijakatwa. Nilikuwa na jibu, tena kali. Nilimtazama alivyosimama, kichwa juu, akinisubiri bila kuogopa na bila kukosa heshima hata chembe, nikakaa kimya kama msimamizi anavyotakiwa. Na hapa nimeandika kama alivyosema yeye.